Nani Kafungulia Upepo?

Juzi nilipita pale gereji kwenu Chuno nikitoka kununua dagaa, nikawakuta mmemzunguka dereva. Lori lake kuukuu, lina stata ya upepo, limegoma kuwaka. Boneti halijafunguliwa. Nasema tena, boneti halijafunguliwa! Na tayari mmoja wenu, yule mwenye kofia nyekundu, anatangaza kama mnadi samaki: "Hapa hakuna kitu, dereva kafungulia upepo." Dereva kakaa juu ya tairi bovu, anatazama viatu vyake.

Nikajiambia, Zainabu, umestaafu, magoti yenyewe ndiyo hayo, nenda kapike. Nikaenda. Dagaa wakaungulia jikoni kwa hasira zangu. Basi nimekaa naandika, maana ningesema kwa mdomo mngesema bibi kaanza tena. Wengi wenu mnanijua kama bibi wa jirani anayelalamikia kelele za gereji. Kabla hamjazaliwa mimi nilikuwa chini ya malori, nimelala chali, oili inanidondokea usoni. Msome. Na kama mnaona uvivu, yule mwenye kofia nyekundu awasomee kwa sauti, ndiyo adhabu yake.

Stata ya upepo najua hamjaizoea. Nyie gari likigoma, mnaangalia betri, basi. Hii haina shughuli na betri. Chini ya lori kuna tangi. Injini ikiwa inanguruma, kompresa inalijaza upepo, kama ule wa breki. Asubuhi dereva anabonyeza kitufe, upepo unatoka tangini kwa kasi, unaingia kwenye stata. Ndani ya stata kuna vibao vyembamba, vinachomoka na kurudi kwenye nafasi zake. Upepo unavisukuma, stata inazunguka, meno yake yanashika flaiwili, lile gurudumu zito la injini, injini inaamka. Na inapozunguka inapiga yowe. Ukilisikia mara ya kwanza unadhani mtu kamwagiwa maji ya moto.

Malori haya yaliletwa huku na wageni waliokuja kuchimba gesi upande wa Mnazi Bay. Kwenye visima vya gesi hawataki kitu cha kutoa cheche, ndiyo maana walipenda stata ya upepo. Walipoondoka waliyauza, matajiri wetu wakayanunua, mafundi wetu wakabaki wanayakodolea macho.

Mimi kazi nilifundishwa na Fundi Chilumba, Mungu amrehemu. Mtu wa Newala, mfupi, mkali kama pilipili kichaa. Nilipoanza, wanaume wote pale karakana walinicheka, wakasema huyu kaja kutafuta mchumba. Chilumba hakunicheka. Alinipiga mkono. Kila nikikimbilia spana, pa! "Spana inakuja mwisho! Umeshasikiliza? Umeshanusa? Umeshatia kidole? Umeshamuuliza aliyekuwa nalo?" Aliyekuwa nalo ni dereva. Chilumba alikuwa anaweza kukaa na dereva akanywa naye uji mpaka uishe ndipo anyanyuke kwenda kwenye gari, na sisi tunasimama na spana zetu kama walinzi wa msiba.

Nyie mnamuuliza nani? Mnaulizana wenyewe.

Palikuwa na fundi mmoja, sitamtaja, ana wajukuu wanaosoma. Aliletewa lori ambalo tangi linaisha upepo kila likilala. Akashusha stata, akapandisha nyingine. Likaisha upepo. Akashusha kompresa. Likaisha upepo. Akabadilisha mipira yote ya upepo. Akabadilisha mpaka dereva, wallahi, alimwambia tajiri dereva ana mkosi, akaletwa mwingine. Likaisha upepo. Siku moja Chilumba akapita, akaomba kipande cha sabuni ya kufulia na maji kwenye kopo. Akapaka povu kila palipoungwa, akachuchumaa, akatazama. Chini kabisa ya tangi, kwenye koki ya kutolea maji yanayojikusanya na upepo, povu likawa linapuliza mapovu kama mtoto anacheza. Koki ilikuwa imekufa, mtu kaifunga na kipande cha kanga. Sabuni na kopo la maji, jamani! Na yule dereva wa kwanza alishakwenda kwao na mkosi wake.

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Stata ikisingiziwa hailii njaa. Dereva ana watoto.

Haya, sasa Anselmo.

Nilikuwa nimeshastaafu, nimekaa nyuma ya nyumba napepeta mchele, akaja mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Wazee wake walivuka Ruvuma kutoka ng'ambo zamani, wakalima mihogo na kuchuuza, yeye kazaliwa hukuhuku, kasoma hukuhuku. Alikuwa anaendesha lori la tajiri mmoja njia ya Msimbati, tumwite Tajiri Nassoro. Wakulima walikuwa wanaleta ufuta wao uani kwa tajiri, alfajiri lori linapakia na kuwahi foleni ya ghalani. Ukichelewa kuondoka, wenzako wamekutangulia, gunia zako zinalala nje.

"Mama," akaniambia, "wanasema nafungulia upepo usiku ili nisiamke mapema. Jana tajiri kaniita mhujumu mbele ya wakulima wote. Kasema watu wa ng'ambo hatuna shukrani. Kachukua ufunguo."

"Sasa unataka nikuombee kazi?"

"Sitaki kuombewa kazi. Nataka jina langu. Nikiitwa mhujumu, nani atanipa usukani tena? Na watoto wangu wanasoma na watoto wa wale wale waliokuwa wanasikiliza. Mie sijagusa upepo wa ntu, mama."

Nikaweka ungo chini. Nikamuuliza swali la Chilumba: "Ulipobonyeza mara ya kwanza asubuhi, geji ya upepo ilisoma wapi?"

"Imejaa."

"Na sauti?"

"Haipigi yowe. Inapumua tu, fssss, mpaka tangi linakwisha."

"Na mchana?"

"Mchana haina neno. Nikilizima njiani, nikibonyeza, papo hapo linawaka."

"Hili limeanza lini?"

"Kipupwe hiki hiki. Wakati wa joto lilikuwa zima kabisa."

Hebu tulieni hapo, msikimbilie spana. Mmeona kilichokuwa kinamponza? Asubuhi anabonyeza, stata inagoma, anabonyeza tena, na tena, kama mnavyobonyeza nyie. Upepo wote unapita bure. Fundi wa tajiri, kijana anaitwa Dadi, anafika jua limeshachomoza, anakuta geji iko chini. "Ahaa! Hakuna upepo!" Anaunga mpira kutoka lori jingine, anajaza tangi, na mpaka limejaa, jua limeshapiga chuma. Anabonyeza, yowe, lori limewaka. "Mnaona? Lilikosa upepo tu. Nani alilala na gari?" Anselmo. Kesi imekwisha. Hata mimi ningekuwa mkulima nimesimama pale na gunia zangu, ningeamini.

Nilipanda naye bodaboda jioni ile ile, nikalala kwa binti wa dada yangu kule kule njia ya Msimbati. Alfajiri nikavaa sweta, nikajifunga kanga mbili, na bado baridi iliingia mpaka kwenye meno. Tukafika kwenye geti la tajiri. Dadi ananijua, akaona haya kunifungia. Anselmo alisimama nje ya geti, hakuruhusiwa kuingia.

Na mnajua nini? Tajiri alikuwa ameweka mlinzi alale chini ya lori, juu ya mkeka, ili Anselmo asije kufungulia upepo. Mlinzi yuko pale, anakunja mkeka wake. Wakulima wamejikunyata pembeni ya magunia. Dadi akapanda, akabonyeza.

Fssss.

Akabonyeza tena. Fssss. Akatoa kichwa dirishani. "Kafungulia tena!"

Loo! Nilipandwa na nini sijui. "Dadi! Mtu yuko nje ya geti, mlinzi kalala chini ya gari, kafungulia kwa mkono gani? Ulipobonyeza mara ya kwanza geji ilisoma wapi?"

Hakuwa ameitazama. Mlinzi ndiye aliyesema kwamba alisikia tangi limetulia usiku kucha, halikupuliza hata kidogo.

Tajiri Nassoro akatoka ndani na msuli na koti. Akaambiwa. Mtu mzima yule, ana heshima zake, anaswali, akakuna kidevu, akasema: "Basi kama si mkono, atakuwa katuroga. Watu wa ng'ambo wana mambo yao."

Nimesikia mengi katika kazi hii. Nimeitwa mwanamke jike dume, nimeambiwa nikashone vitambaa. Hakuna lililoniuma kama hilo, maana Anselmo alilisikia, nilimwona alivyoshika nondo za geti. Na wakulima wengine wakatikisa vichwa kukubali! Watu ambao amewabebea ufuta msimu mzima!

"Teremka," nikamwambia Dadi. "Na mtu asiguse tena hicho kitufe."

Nikaweka magogo kwenye matairi. Nikafunga valvu ya tangi, nikatoa upepo uliobaki kwenye njia, uso wangu nimeuweka pembeni. Hilo mlishike: mpira wenye upepo hauna adabu, nimeona ukichomoka ukamng'oa mtu meno mawili ya mbele. Kisha nikafungua mpira mnene unaoingia kwenye stata, nikatia kidole.

Kidole kikatoka na kitu cheupe. Kizito kizito, laini. Nikakinusa.

Nilicheka jamani, lakini kicheko cha hasira. Nikanyanyua kidole juu, nikawaita wakulima wote waje wanuse mmoja mmoja. Mama mmoja mwenye gunia lake pale mbele akanusa, akasema, "Mbona mafuta ya nazi?"

Mafuta ya nazi! Stata ya upepo ina kichupa cha mafuta. Kila upepo unapopita, unabeba tone kwenda kulainisha vile vibao. Mtu alikijaza mafuta ya nazi. Nani huku kwetu asiyejua mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe? Kila nyumba chupa inaoteshwa jua kabla mtoto hajapakwa. Yameganda kwenye chupa, yakaganda na ndani ya stata, vibao vikashikwa, upepo unapita pembeni, fssss, unakwenda zake. Jua likipiga, yanayeyuka, stata inakuwa mpya. Injini ikipata moto ndiyo kabisa.

"Nani kaweka?" nikauliza.

Dadi akamtazama tajiri. Tajiri akatazama koti lake. Mwenyewe ana mashine ya kukamua mafuta ya nazi, mnaona? Wakati wa joto kichupa kilipokwisha, Dadi alitaka kununua mafuta mepesi ya mashine, tajiri akamwambia anunue ya nini na ya kwetu yapo, masafi, hayana kemikali. Na kweli, joto lote lile stata iliimba vizuri. Wakasahau.

Anselmo, nje ya geti, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi niliwaambia ile siku mafuta yale hayafai. Nikaambiwa kazi yangu usukani."

Nikaishusha stata. Dadi akanisaidia, na lazima niseme ukweli, alifanya kazi kwa adabu siku ile. Vibao vilikuwa vimenata kwenye nafasi zake, unavivuta haviji. Tukaviosha kwa dizeli kimoja kimoja, tukafuta, tukakausha, tukaosha kichupa na njia zake, tukatia mafuta mepesi. Vibao vikawa vinacheza, ukiinamisha vinateleza vyenyewe. Tulipomaliza jua lilikuwa limepanda. Tajiri akapiga makofi. "Haya bi mkubwa, Mungu akuzidishie. Mwiteni Anselmo achukue ufunguo, apakie aende."

Hivyo tu! Apakie aende!

Nikapanda kwenye kebini, nikakifungua kile kitufe cha kuwashia, nikakitia kwenye kibindo. "Sasa hivi jua limetoka, hata mafuta ya nazi yangewaka. Lori hili litawashwa kesho alfajiri, kwenye baridi, mbele ya watu hawa hawa waliosikia ukimwita mhujumu. Atawasha yeye. Na wewe utakuwepo, na utasema la kusema."

"Wewe mama una wazimu? Na ufuta wa watu? Nitakuitia polisi!"

"Waite. Waambie bibi kizee kaiba kitufe."

Nilidhani wakulima watanirukia, na wangekuwa na haki. Lakini yule mama aliyenusa kidole akakalia gunia lake, akasema ufuta wake hauozi kwa siku moja, na yeye alikuwepo Anselmo alipotukanwa, hakusema kitu, na usiku wa jana hakulala vizuri. Wengine wakanung'unika, wakakaa.

Kesho yake baridi ilizidi. Ukipumua unaona moshi, na kwetu huku hilo ni jambo la kusimulia. Watu walikuja wengi kuliko magunia. Nikatoa kitufe kibindoni, sikumpa tajiri wala Dadi, nikamkabidhi Anselmo. Akakifunga mwenyewe. Nikapanda upande wa pili, nikakaa. Geji imejaa, Dadi alishalijaza tangi jioni kwa mpira kutoka lori jingine.

Akabonyeza. Yowe! Nyie, yowe lile! Mbwa wote wa kijiji wakaamka. Injini ikashika, ikakohoa moshi mweusi, ikanguruma. Watu wakapiga vigelegele.

Tajiri Nassoro akasogea mpaka kwenye mlango wa dereva. Akainua uso, midomo ikacheza. Nini alisema? Mimi niliyekaa mle ndani sikusikia, sembuse waliosimama kwenye magunia, na lori linanguruma kama mnavyolijua. Akagonga mlango mara mbili kama mtu aliyemaliza deni, akageuka. "Haya, pakieni!"

Alingoja injini iwake ndipo aseme. Mwerevu!

Anselmo akanitazama. Kisha akazima injini.

Nyie hamwezi kuelewa mpaka muwe mmelala na lori kama lile. Tangi limetoka kutapika upepo, kompresa haijapata muda wa kulijaza. Hakuna dereva anayezima lori la stata ya upepo muda ule. Nilitazama geji, mshale uko chini, moyo wangu ukaenda nao.

Kukawa kimya uani. Anselmo akatoa kichwa dirishani. "Sijasikia, tajiri. Na hawa hawajasikia."

Tajiri akasimama amewapa watu mgongo. Akatazama magunia. Akamtazama Dadi, Dadi akatazama ardhi. Yule mama juu ya gunia akakohoa. Basi tajiri akageuka taratibu, na safari hii akasema kwa sauti ile ile aliyotukania: "Anselmo, nilikusingizia. Hukufungulia upepo. Mafuta yalikuwa yangu. Nisamehe."

"Nimesikia," Anselmo akasema. Akabonyeza.

Yowe lilikuwa fupi, limekauka, la mwisho mwisho wa tangi. Nilifumba macho. Injini ikazunguka mara moja, ikasita, ikashika.

Anselmo yuko hai, bado anaendesha, ila si lori lile. Alimaliza msimu wa ufuta, akamrudishia tajiri ufunguo mwenyewe, na kabla hajafika nyumbani watu wawili walishamfuata wampe gari.

Sasa nirudi kwenu. Leo asubuhi nimemkuta yule dereva wenu wa juzi kituoni, begi mkononi, anangoja gari la kurudi kwao. Kaambiwa na bosi wake asikanyage tena, maana mafundi wamesema. Mafundi, yaani nyie. Nikamuuliza: mwanangu, ulipobonyeza mara ya kwanza, geji ilisoma wapi? Akanitazama hivi, begi akaliweka chini.

"Bibi," akaniambia, "wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

Nimemrudisha. Yuko barazani kwangu anakunywa chai. Jina lake anaitwa Musa. Njooni mmuulize.